Mama Utafiti na Waliohama

Jina lake silitaji, kwa sababu hakunipa. Beji alikuwa nayo, imening'inia shingoni kwa kamba ya buluu kama ya wenzake, lakini aliivaa imegeuka, picha na jina vikitazama blauzi. Siku nilipomwomba aigeuze nijue naongea na nani, alisema, "Baba Njeri, ukinijua jina utaanza kunitafuta. Na hii kazi, mimi ndiye wa kutafuta watu." Basi hapa kwetu Kitengela, kuanzia barabara ya Namanga mpaka kule ndani vumbi linakolala, aliitwa Mama Utafiti. Amezaliwa wapi, ni wa nani, ana bwana au hana, hayo yalikuwa ya kukisia. Alikuwa na Kimaasai cha nyumbani, Kiswahili cha shule na Kikuyu cha sokoni, na katika zote tatu alisikiliza kuliko alivyosema.

Kazi yake ilikuwa kuzunguka na mkoba akipima watu wa makamo. Makamo ni umri usio na mtetezi. Mtoto ana chanjo, mzee ana huruma za watu, sisi wa katikati tuna karo ya shule. Ndipo wakaja watu wa utafiti kutoka Nairobi, wakasema wanataka kutufuata sisi hasa, wa miaka arobaini hadi sitini, mwaka baada ya mwaka, waone presha na sukari na moyo vinatufanyia nini, hapa mjini na kule mabomani ndani ya Kajiado. Niliuliza mara mbili kama kuna malipo. Hakuna. Kuna soda. Nikajiandikisha, kwa maana kitu cha bure hukikimbilii, lakini pia hukiachi mezani.

Mimi nauza milango. Nyumba ikibomolewa Nairobi kupisha barabara au ghorofa, naenda na pikapu, nanunua milango, fremu, madirisha, hata sinki, naleta Kitengela ambako kila mtu anajenga na hakuna aliyemaliza. Milango mizuri nimeisimamisha kwenye fremu zake, mstari mzima ndani ya yadi, mteja afungue na kufunga ajionee mwenyewe. Mteja wa kawaida huuzunguka ule mstari. Mama Utafiti, siku ya kwanza, alishika kitasa cha mlango mmoja wa mvule, akaufungua, akapita, kisha akaurudisha taratibu, kama mtu aliyemwacha mgonjwa amelala upande ule. Mwenye bucha jirani yangu aliona. Akaenda kunawa mikono ambayo haikuwa michafu.

Siku hiyo alinikuta na presha ya mia na themanini juu ya mia na kumi.

"Hiyo iko juu," akasema.

"Juu kiasi gani?"

"Juu ya kwenda hospitali leo."

"Mama, andika mia na hamsini tumalize. Mimi ni wa kila mwaka, si mtu wa kupita."

Hakucheka. "Baba Njeri, hii si mlango."

Hospitali nilienda. Daktari akaniandikia tembe, moja asubuhi, moja jioni. Nikamwuliza mpaka lini. Akasema maisha. Sasa mimi nimenunua na kuuza tangu nilipotoka shule, na sijawahi kukubali bei ambayo mwisho wake hausemwi. Tena sikuwa na maumivu. Kichwa hakigongi, miguu haivimbi, nabeba mlango wa mninga peke yangu. Nikaziweka zile tembe kwenye droo ya misumari, na nikajipa hesabu iliyoniridhisha: huyu mama anafuata watu wengi wenye namba kama yangu. Kama wako hai na wanatembea, basi dawa si ya lazima. Kama hawako, nitameza. Ilikuwa hesabu safi. Ilichohitaji ni jibu moja tu kutoka kwake.

Kila mwaka alipokuja nilimwuliza. "Wale wenzangu wa namba kama yangu, wako wapi?"

Na kila mwaka alinijibu vilevile. "Wengine wapo. Wengine wamehama."

Kuhama si kufa. Nikafunga droo.

Nimesema alikuwa msikivu. Kusikiliza kwake kulikuwa kwa vidole. Ukimpa mkono wa salamu, vidole viwili vya katikati vilitelezea kwenye kifundo cha mkono wako na kutulia pale, huku mdomo ukiuliza habari za watoto, za mvua, za biashara. Salamu za Kimaasai ni ndefu, na yeye alizirefusha zaidi. Watu walidhani ni heshima. Baadaye ikajulikana kwamba anakuhesabu damu, na hapo watu wazima wa Kitengela wakaanza kumsalimia kwa kupunga wakiwa mbali. Mwenye bucha alikuwa akishika kisu mkono wa kulia na nyama mkono wa kushoto hadi apite.

"Huyo akikushika muda mrefu," aliniambia mwenye bucha, "ujue umepimwa kaburi."

"Mimi amenishika miaka yote."

"Kwani wewe umejiangalia?"

Mwenye bucha alikataa utafiti tangu mwanzo. Alisema damu yetu inapelekwa mahali. Nilimwuliza inapelekwa wapi, akasema mahali. Ni mtu wa kilo nyingi, anakula maini asubuhi, na mpaka leo ninapoandika haya hajawahi hata kupata mafua. Ninalisema hilo kwa sababu lazima niwe mkweli kwa pande zote mbili za mizani.

Kuna jambo la dakika tano. Kabla ya kufunga ile mashine ya presha mkononi, sheria ya kazi yao ilisema mtu akae kwanza dakika tano, mgongo umeegemea, nyayo zote mbili chini, miguu isipishane, na asiseme neno. Damu itulie. Wenzake vijana waliokuja siku zingine waliipunguza ile sheria. Waliulizia namba ya simu yako huku wanakufunga. Yeye hakuipunguza hata kidogo. Alikaa mbele yako, magoti yakielekea yako, mikono mapajani, akakutazama. Hakutazama macho. Alitazama hapa, pembeni mwa shingo, panapocheza.

Kwa mtu wa biashara kimya ni ugonjwa. Ukinyamaza mbele ya mteja, anapunguza. Akinyamaza yeye, unapunguza wewe. Nilijaribu mbinu zote. Nilikohoa. Nilimwonyesha mlango uliotoka kwenye nyumba ya balozi, nikimwashiria kwa kidevu. Hakugeuka. Nje magari yalipita kwenda Namanga, lakini pale tulipoketi ilikuwa kama mtu ametandika blanketi juu ya sauti zote, na nikaanza kuisikia damu yangu masikioni, inakuja, inaondoka, inakuja. Sikuwahi kujua ina kelele vile. Baada ya hapo ndipo alipofunga kitambaa, kikajaa upepo, kikanikaba mkono kama mtu anayekuomba usiende.

"Mwongo akikaa dakika tano," alipenda kusema, "mwili wake unaanza kukanusha."

Alikuwa na misemo kama hiyo, na aliitoa bila kuinua sauti. Mwingine: "Mimi sitibu, mimi nashuhudia." Mwingine, alipoulizwa na mke wangu kama kazi hiyo haimtishi: "Kinachotisha ni yule anayesema hana kitu." Mama Njeri alinitazama. Nikajifanya napima bawaba.

Lakini msidhani alikuwa malaika. Alituambia tuache chumvi, na chai yake ya mchana aliishushia viazi vilivyonyunyiziwa chumvi mpaka karatasi ikawa nyeupe. Sukari aliweka vijiko vya kuhesabika, na nilivihesabu mara mbili. Hospitali aliichukia, jino lilipomsumbua alilifunga kwa kitambaa mpaka likakata tamaa lenyewe. Na yeye mwenyewe alikuwa wa makamo kama sisi, ila hajawahi kupimwa.

"Nani aniulize mimi?" alisema.

"Mimi," nikamwambia. "Leo sikai mpaka wewe ukae. Hiyo ndiyo bei yangu, ya mwisho."

Nilidhani atakataa. Alikaa. Alijifunga mwenyewe kile kitambaa, akaweka nyayo chini, akanyamaza dakika zake, kisha akabonyeza. Mashine ikajaa, ikakaba, ikaanza kushuka, ikashuka mpaka mwisho, na kwenye kioo pakatokea mstari mtupu. Haikusoma kitu. Akabonyeza tena. Ikajaa, ikashuka. Mstari. Niliihamishia kwangu palepale, na ikasoma: mia na themanini na kitu, mbaya kama kawaida.

"Inanijua," akasema, na ndiyo siku pekee niliyomsikia akicheka. Huenda alifunga vibaya. Huenda alikuwa na mkono mwembamba kuliko kitambaa. Nimeziorodhesha sababu zote za akili timamu, ni nyingi, na hakuna iliyonisaidia kulala mchana huo baada ya chakula kama ninavyofanya.

Sasa nieleze nilichokiona nje ya Isinya.

Kulikuwa na mteja mmoja, mzee wa boma, mwenzetu wa utafiti. Tulikunywa soda pamoja siku ya kujiandikisha, tukalinganisha namba zetu kama wavulana wanaolinganisha makovu, na yake ilishinda yangu kwa kidogo. Alipojenga nyumba ya mabati karibu na boma lake alichagua mlango kwangu, tukapatana baada ya mabishano matamu ya nusu siku, akasema niupeleke kwake mvua ikiisha. Mvua ikaisha. Nikapakia mlango, nikaenda.

Mke wake alitoka kunipokea. Nikamsalimia kwa kile Kimaasai changu cha barabarani.

"Takwenya, yeyo."

"Iko."

"Mzee yupo?"

"Hayupo."

"Amesafiri?"

"Ametoka," akasema.

Na mimi, niliyefundishwa kupunguza bei na sikufundishwa kusikiliza, nikamwambia, "Akirudi mwambie huu mlango unafungukia ndani. Asiusukume kwa nguvu."

"Nitamwambia," akasema.

Nilipopeleka mlango upande wa kivulini ndipo nikamkuta Mama Utafiti. Alikuwa ameketi kwenye kigoda, mgongo wima, nyayo chini, mikono mapajani. Mbele yake kulikuwa na kigoda kingine, kitupu. Kwenye meza ndogo katikati ile mashine ilikuwa imewashwa, na kitambaa kimefunguliwa, kimelazwa wazi, kinasubiri mkono. Alikuwa akitazama pale ambapo shingo ya mtu ingekuwa. Nikamsalimia, sopa. Hakuitika. Mbuzi walikuwa wamejikusanya ukutani na hakuna aliyelia. Nikasimama na mlango mgongoni, siwezi kuuweka chini kwa kuogopa kelele yake, nikangoja pamoja nao.

Dakika zilipokwisha alinyanyua uso kwa mama mwenye boma. "Amerudi?"

"Bado."

"Haya." Akakunja kitambaa, akazima mashine, akanywa chai yake.

Nilimpa lifti kurudi. Tulipokaribia lami nikamwuliza.

"Mama, ulikuwa unapima nani pale?"

"Ni mtu wangu, yuko kwenye zamu yangu. Nikifika lazima nikae."

"Na amehama?"

"Eeh."

"Amehamia wapi?"

Alitazama nje, mbuga tupu hadi vilima. "Mbali kidogo."

Kuna mambo mtu huyaelewa nusu. Ile nusu niliyoielewa niliificha nyuma, kama mlango wenye mchwa, na nikaendelea kuuza ile nyingine.

Baadaye wakaitisha mkutano wa kuturudishia matokeo, kwenye ukumbi wa kanisa hapa mjini. Daktari wa utafiti, kijana mpole mwenye miwani, alitupa ukutani picha ya duara lenye rangi. Hawa presha iko sawa. Hawa iko juu. Hawa, rangi nyeusi, wametangulia mbele za haki. Akatofautisha mji na mashamba. Duara la mjini lilikuwa na kipande cheusi. La mabomani halikuwa nacho kabisa. Lilikuwa na kipande kipana cha kijivu kilichoandikwa waliohama.

Nikainua mkono. "Daktari, kwa hivyo huko ndani hakuna kifo? Nisaidie na ploti huko."

Ukumbi mzima ukacheka. Daktari naye akacheka, kisha akasema wafugaji wanahama na ng'ombe, ni jambo linalofahamika. Nikamtafuta Mama Utafiti kwa macho. Alikuwa amesimama mlangoni, anatazama viatu vyake, na mkono wake mmoja umefunika mdomo wake kabisa, jinsi mtu anavyomfunika mtoto asilie kanisani.

Nilikwenda nyumbani nimeshinda. Nikamwambia Mama Njeri: umeona duara? Wenye namba zangu wanahama tu. Akasema, "Wewe Baba Njeri, wafugaji huhama na wake zao." Nikamwambia hajui takwimu.

Mwaka uliofuata utafiti ulifungwa, na Mama Utafiti akaacha kuja. Tulisikia yuko kwake, upande wa Kajiado. Hata mwenye bucha aliuliza habari zake, kisha akatema mate chini ili swali hilo lisihesabiwe.

Kilichonipeleka kwake ni hiki. Alikuja mteja, bibi mmoja mwenye macho makali, akashika mlango wa mvule akaniuliza bei. Nikaitaja. Naijua bei ya mlango ule kama jina la mama yangu. Lakini kilichotoka mdomoni hakikuwa bei. Ilikuwa sauti, kama maji yanayotoka sinki. Nikarudia, nikasikia kitu kilekile. Yule bibi akadhani ni mbinu.

"Mzee, hata ukijifanya bubu sipandi," akasema.

Nikataka kucheka, upande mmoja wa uso ukacheka, mwingine ukabaki. Mkono wa kushoto ulining'inia kama umekodishwa. Halafu, kabla yule bibi hajamaliza kumwita mwenye bucha, kila kitu kikarudi mahali pake: uso, mkono, bei. Nikaitaja. Akaondoka mbio bila kununua.

Hospitali wakasema ni kiharusi kilichopiga hodi, na kinachofuata huwa hakipigi. Meza dawa. Mama Njeri alinunua mpya, akanitilia mfukoni mwa koti, akasema kwa utulivu ulionitisha kuliko kelele, "Mimi sitakuuguza mdomo ukiwa umepinda kwa sababu ya ubishi. Chagua." Hata hapo sikumeza. Kumbukeni hesabu yangu. Nilisema nitakwenda kwanza Kajiado, nimwulize kwa mara ya mwisho, uso kwa uso, walihamia wapi.

Nilimkuta mchana wa jua kali akichambua maharagwe uwanjani, ndani ya ua wa miiba. Amekonda. Hakuwa na beji, na bado sikuuliza jina. Nilimpa mkono, na vile vidole viwili vikaenda mahali pao kama wanyama wanaojua zizi. Alivishikilia pale muda mrefu kuliko wakati wowote.

"Imekupiga," akasema.

"Imepita tu."

"Dawa?"

"Ziko mfukoni. Mama, nijibu, na nitameza au nitazitupa. Wenzangu wamehamia wapi?"

Aliendelea na maharagwe kidogo. Kisha akaongea zaidi ya nilivyowahi kumsikia. Siku hizi, alisema, watu wengi wa kwao ni wa kanisa, marehemu anasomwa jina kwa kipaza sauti na fulana zinachapishwa. Lakini yako maboma, na lake ni mojawapo, ambako mtu akifa jina lake linakufa naye. Halitajwi. Kama kuna mtoto aliyeitwa vile, anabadilishiwa. Ukilitaja umemwita, na aliyeitwa huja.

"Nilifika na swali langu: fulani yupo? Wananiambia, ametoka. Mimi ni mtoto wao, najua maana yake. Lakini mashine ya kujazia fomu ilitaka nitamke moja, wathibitishe, ndipo nibonyeze: yuko hai, amekufa, amehama. Ningesema amekufa, mimi, kwa mdomo wangu, ndani ya boma lake, na jina lake liko pale juu linanitazama?" Alitikisa ungo. "Nikabonyeza amehama. Kwa huyu, na huyu. Nikadhani namficha mtu mmoja mmoja. Kumbe nimeficha ugonjwa."

"Daktari anajua?"

"Nilimwandikia nilipoacha kazi. Kuandika ukiwa mbali si kutamka ndani ya boma. Alishukuru, akaenda kurekebisha, maskini, yeye alikuwa ameamini tu. Lakini wewe nakujua. Wewe karatasi utaipunguza bei." Akasimama, akakung'uta rinda. "Nimezunguka kwa wake zao nikaomba. Nikawaambia kuna watu wako njiani kuwafuata waume zao kwa kutojua. Waliniruhusu, lakini si ndani ya ua. Twende."

Tulitoka kwenye ua, tukapita zizi, tukaenda mpaka nyumba ikawa ndogo. Kule kuna ile migunga mifupi yenye vinundu, sisimizi wamevitoboa, na upepo ukipita vinapiga mluzi. Ilikuwa inapiga mluzi yote, kila mti na sauti yake, kama watu wanaoitana bila kutumia maneno. Alisimama ameipa mgongo nyumba yake, akafunga macho, akaanza kutaja majina.

Sitayaandika. Alitaja moja, akanyamaza, akataja jingine. Sauti yake ilikuwa ya kawaida, kama anayeita watu waingie kula. La kwanza sikulijua. La pili lilikuwa la mtu aliyenunua kwangu madirisha ya chuma na kunitania mbele ya watu. La tatu lilikuwa la mzee wa Isinya. Yakaendelea. Kila jina lilipotoka mluzi wa migunga ulikatika, nadhani upepo ndio uliokuwa ukikatika, kisha ukaanza tena kutoka upande mwingine, karibu zaidi. Ng'ombe waliokuwa wakila mbali waliinua vichwa, wakatazama si sisi bali pembeni yetu, mahali palipokuwa na nyasi tu. Na majina hayakuisha upesi, kama nilivyokuwa nikiomba.

Mimi kitu nikihesabu mara moja, sikiamini. Nikamwambia, kwa sauti ambayo sikuitambua, "Rudia, mama. Nimepoteza hesabu."

"Hapana," akasema, macho yamefungwa bado. "Wanaitwa mara moja."

"Na wote walikuwa kama mimi?"

"Wote niliwaambia nilichokuambia. Wote walijisikia wazima."

Kisha akavuta pumzi, akafungua mdomo kama mwenye jina jingine tayari kwenye ulimi. Akafungua macho. Akanitazama hapa shingoni, panapocheza, akabaki hivyo, mdomo wazi. Miti ilikuwa kimya. Niliona midomo yake ikikaribia kuumba herufi, na ninaijua herufi ambayo jina langu linaanza nayo.

Akaufunga mdomo.

"Umemaliza?" nikamwuliza.

"Kwa leo."

Nikaingiza mkono mfukoni, ule wa kushoto, na ukakawia kidogo kutii. Nikatoa tembe moja, nikaitia mdomoni. Maji hatukuwa nayo. Ilishika kooni, chungu, haipandi wala haishuki, na mimi nikisukuma mate ambayo hayakuwepo, machozi yananitoka. Hakunipiga mgongo, wala hakusema pole. Alikaribia, akanishika kifundo cha mkono kwa vile vidole viwili, akasimama nami pale katikati ya mbuga, ananitazama koo, akingoja ishuke.